Vitabu vya Mama Akwi na Moshi wa Tiira

Ukienda kwa Maximilla Akwi kununua kitabu, jiandae kuhojiwa. Meza yake iko barazani, upande wa Uganda wa mji wa Busia, katikati ya duka la dawa za mifugo na chumba cha Juliet Nasirumbi cha kutoa fotokopi. Vitabu vimesimamishwa kama matofali, vingine havina jalada, vingine vimelowa maji hadi vikavimba. Utanyoosha mkono kuchukua kimoja, naye atakutazama juu ya miwani yake, ile ambayo mkono mmoja umefungwa kwa waya, aseme, "Ngoja kwanza. Kitu gani inakusumbua kichwa?"

Wapo wanaodhani wametukanwa, wakaenda zao. Wanaobaki hucheka, kisha husema jambo ambalo hata wenyewe hawakujua walikuwa nalo. Dereva mmoja wa lori, aliyekwama kwenye foleni ya mpakani, alimjia akitaka kitabu cha kupitishia saa.

"Saa inapita yenyewe," Akwi alimwambia. "Wewe ukishika usukani peke yako, unajiuliza nini?"

Dereva alikuna kidevu. "Mimi? Najiuliza ile maji ya barabarani. Jua likiwaka unaiona mbele, inameremeta, ukifika hakuna kitu. Miaka yote naifukuza."

Akwi aliinama, akachomoa kitabu kimoja chini kabisa, cha mwanga na namna unavyopinda. Akamfungulia mahali penye picha ya barabara. Dereva yule mpaka leo akipita hupiga honi, na mara kwa mara hushuka kuja kubadilisha kitabu.

Riwaya haweki. Si kwamba anazichukia, ila anasema hizo zina wauzaji wengi kule stendi, na wenye kuzitaka hawahitaji kuelekezwa. Mezani kwake kuna aina mbili tu: vitabu vinavyoeleza dunia ilivyo, kuanzia wadudu hadi nyota, na vitabu vinavyofundisha mtu kuandika. Ukimuuliza kwa nini hizo mbili zimekaa pamoja, atakushangaa. Mtu akishaelewa jambo, anasema, linamwasha. Lazima amwambie mwenzake. Na asipojua kulisema vizuri, litamfia mdomoni.

Hakuzaliwa kwenye vitabu. Amezaliwa Mukuju, kwa wakulima wa mtama na mihogo, akasoma hadi nyumbani waliposhindwa kumwendeleza. Kwa miaka mingi alikuwa mfagizi wa shule moja ya sekondari huko Tororo, akifuta vumbi la maktaba asubuhi na kuosha chupa za maabara mchana. Alipopunguzwa kazi alihamia Busia, akauza viatu vya mitumba. Alikuwa na maisha yake, hakulalamika.

Kilichombadilisha ni karanga. Siku hiyo alinunua karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi iliyochanwa kitabuni. Alipozimaliza, akaisoma ile karatasi kwa mazoea tu, kama mtu anavyosoma bango. Ilieleza jinsi buibui mdogo asiye na mabawa anavyoruka: hupanda juu ya jani, huinua kiuno, huachia uzi hewani, na upepo humbeba, pengine hadi baharini kwenye meli. Kisha mwandishi akauliza: je, siku isiyo na upepo kabisa, buibui huyo anarukaje? Na hapo karatasi ikaisha.

Akwi aliigeuza upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa na jambo jingine kabisa. Alikaa na viatu vyake, wateja wakija anawajibu nusu nusu. Mwishowe akafunga turubai, akamrudia muuza karanga.

"Hii karatasi, ndugu yake iko wapi?"

Muuza karanga alimtazama kama mgonjwa. "Nimemaliza kufungia. Lakini natoa kwa Maloba, upande ule."

Basi akavuka. Maloba alikuwa na ghala la mitumba upande wa Kenya, mtu mnene mcheshi mwenye kuongea Kiswahili cha kunyooka, na ndani ya ghala lake kulikuwa na vitabu vilivyokuja vimechanganyika na nguo, amevitupa pembeni pamoja na mikanda iliyokatika. Akwi alikaa chini sakafuni akapekua mpaka shingo ikamuuma. Hakuupata ukurasa wa buibui. Alipata kitabu cha moyo na mishipa ya damu, alipata cha volkeno, alipata kingine kinachoeleza kwa nini mkate unaumuka, na alipoinua macho Maloba alikuwa amesimama mlangoni akimcheka.

"Dada Maxi, umekuja kununua au umehamia?"

"Usiuzie mtu wa karanga tena," Akwi alisema. "Nitachukua mimi."

Viatu vilipoisha hakununua vingine.

Watu walidhani angefunga baada ya muda mfupi, na yeye mwenyewe mwanzoni alifikiri hivyo hivyo. Lakini Busia ni mji wa watu wanaongoja: wanangoja lori lipite, wanangoja mzigo ukaguliwe, wanangoja mtu wa upande wa pili. Na mtu anayengoja huanza kuwaza. Alijifunza kumpa kila mmoja kitabu kinachomfaa, na alijifunza kwa kukosea. Mzee Osire wa Petta alimwambia anapenda nyota, akampa kitabu kikubwa chenye hesabu nyingi. Mzee alikirudisha akisema kimemfanya aziogope nyota kama mtoto wa shule anavyoogopa mtihani. Tangu hapo Akwi hakumpa mtu kitabu kabla ya kumsomea kurasa kadhaa kwa sauti hapo hapo barazani. Ulimi ukijikwaa kila mstari, hujua mwandishi alikuwa anajionyesha. Ukiteleza, na msikilizaji akasogeza kiti karibu, hicho ndicho.

Sasa, kuna jambo lililotokea ambalo ndilo linalofanya watu wa Tiira wamsimulie.

Tiira ni pahali pa dhahabu, huko huko wilaya ya Busia. Watu wanachimba mashimo kwa mikono, wanasaga mawe, wanaosha unga kwenye karai. Engole alikuwa mmoja wao, Mteso wa makamo, mpole, mwenye mabega mapana na kucha zilizojaa udongo mwekundu. Alikuja mezani siku ya soko akasimama pembeni muda mrefu kama mtu aliyekuja kuposa.

"Yoga," Akwi alimsalimu kwa Kiteso. Kisha, kwa kuwa palikuwa na watu wengine, akaendelea kwa Kiswahili. "Kitu gani inakusumbua?"

"Mama, mimi nashika mawe kila siku. Nataka kujua hii mawe. Dhahabu inakuwa dhahabu kwa nini, na chuma inakuwa chuma."

Swali hilo lilimfurahisha Akwi mpaka akasahau mteja mwingine aliyekuwa anashika kitabu cha nyuki. Alikuwa na kitabu kizuri sana cha metali, kilichoandikwa na mwanamke mkemia, kila sura metali moja: shaba, bati, risasi, fedha, dhahabu. Alikuwa amekisoma nusu tu, hadi kwenye dhahabu, lakini nusu hiyo ilimtosha kuona kwamba mwandishi anaongea kama mtu aliyekaa nawe jikoni. Kiingereza chake kilikuwa chepesi. Engole alikuwa amefika sekondari kidogo. Akakichukua, akakifunga ndani ya shati lake, akaenda.

Alirudi baada ya majuma kadhaa, mchana, jua limekaza. Safari hii hakusimama pembeni. Alikuja moja kwa moja, akakiweka kitabu mezani kwa kishindo.

"Chukua kitabu yako."

"Imekufanyia nini?"

"Imeninyima usingizi."

Juliet alichungulia kutoka chumba chake cha fotokopi. Akwi aliona kwamba si hasira peke yake iliyomleta Engole. Alivuta kiti cha plastiki, akakipangusa kwa khanga. "Kaa, baba. Nionyeshe hapo penye ubaya."

Engole alikifungua kitabu bila kutafuta, maana ukurasa wenyewe ulikuwa umeshachakaa. Ilikuwa sura ya zebaki, ile metali ya majimaji inayokimbia kiganjani kama tone la maji hai. Kule machimboni waliiita dawa. Walikuwa wakiimwaga kwenye unga uliooshwa, ikajikusanyia chembe za dhahabu, wakaikamua kwa kitambaa, kisha wakaichoma motoni mpaka ipotee, ibaki dhahabu. Mwandishi alieleza yote hayo vizuri kabisa, kana kwamba amefika Tiira. Kisha akaeleza inakopotelea: inageuka moshi usioonekana na usionuka, anauvuta aliye karibu na moto. Na akaeleza moshi huo unafanya nini kwa mwili. Mikono hutetemeka. Ladha ya chuma hukaa mdomoni. Mtu husahau alichotumwa, hukasirika bila sababu, hulia bila sababu.

Akwi alisoma kwa sauti, taratibu, akigeuza kwa Kiswahili. Alipofika hapo aliinua macho.

"Anayechoma nyumbani ni nani?" aliuliza.

"Mke wangu. Acom." Engole alitazama barabarani. "Anachomea jikoni, kwa kikaango, juu ya sigiri ya mkaa. Ndani, kwa sababu ukichomea nje watu wanaona una dhahabu. Mama, huyo mwanamke alikuwa anashona mashuka. Sasa hata kikombe cha chai anakishika na mikono miwili. Mimi nilikuwa namgombeza. Nilisema amekuwa mvivu, amekuwa mkali. Mama yangu akasema ni mashetani. Na kumbe iko humu, imeandikwa, mtu ameijua zamani."

Akwi alikivuta kitabu karibu. Mara nyingi alikuwa ameota mtu akimrudia na kumwambia kitabu kimembadilisha maisha. Hakuwa amewaza kwamba mtu huyo angekuja na uso wa namna ile.

"Mimi sikuwa nimefika sura hii," alisema. "Ningefika, ningekupa nikiwa nimekushika mkono. Lakini sikiliza. Kitabu si daktari. Mpeleke kituo cha afya, ueleze yote, moshi na kikaango. Na leo, leo hii, hiyo sigiri itoke jikoni."

"Ataniuliza nimeyatoa wapi."

"Mwambie umesoma. Au mlete, nitamsomea mimi."

Alimleta. Acom alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho ya mzaha hata alipokuwa ameficha mikono ndani ya leso. Walikuwa wametoka kituo cha afya. Muuguzi aliwasikiliza kwa makini, akamwandikia vipimo, na akamkataza kabisa kuukaribia ule moshi. Akamwambia akiuacha mapema mwili una namna ya kujirudi, polepole. Akwi alimsomea Acom sura yote kuanzia mwanzo. Acom hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mumewe.

"Kwa hiyo sikuwa mwendawazimu."

"Hukuwa," Engole alisema.

"Sema tena, huyu mama asikie."

"Hukuwa mwendawazimu, Acom. Mimi ndiye nilikuwa sijui."

Acom akavuta pumzi, akaegemea kiti, na kwa mara ya kwanza akatoa mikono yake nje ya leso akaiweka mapajani, ikitetemeka vile vile, bila kuificha.

Hapo ndipo Engole alipolisema lile neno lililowaingiza kazini wote. "Wenzangu je? Kule kila nyumba inachoma. Hiki kitabu ni kinene, ni Kiingereza. Nikiwapa watafungia sigara."

Akwi alimtazama Juliet Nasirumbi, aliyekuwa ameshaacha mashine yake na kusimama mlangoni tangu zamani.

Juliet alikuwa Msamia wa kando ya ziwa, mwanamke kijana mwenye kicheko cha haraka, ambaye kwa muda mrefu alitaka kuwa mwandishi. Aliandika hotuba za harusi na risala za vikundi, na watu walizisifu, lakini yeye mwenyewe alipozisoma baadaye alihisi kama amekula makapi. Akwi alikuwa amempa kitabu kimoja chembamba cha uandishi, kilichoandikwa na mhariri mzee wa magazeti aliyechoshwa na maneno matupu. Juliet alikisoma, akakipenda, akapigia mistari chini, na akaendelea kuandika vile vile alivyozoea. Hilo ni jambo la kawaida. Akwi anasema kitabu cha kuandika hakifanyi kazi mpaka uwe na kitu cha kusema.

Sasa kitu kilikuwepo. Juliet alijifungia, akaandika kurasa kadhaa kwa Kiswahili, akazichapa, akawaita. Acom alikuja na mumewe. Juliet alikohoa, akaanza kusoma:

"Ndugu wananchi, ni jambo lisilopingika kwamba matumizi holela ya zebaki yana athari hasi kwa ustawi wa afya ya jamii kwa ujumla, na hivyo wadau wote hawana budi kuchukua hatua madhubuti..."

Acom alimwinamia Akwi. "Huyu anaongea na nani?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, lakini baraza lilikuwa dogo. Juliet aliacha kusoma. Uso ulimwaka moto. Engole akajidai kufunga kamba ya kiatu.

"Sijasema ni mbaya," Acom aliongeza haraka. "Ni nzuri. Inafanana na mkuu wa wilaya. Ila mimi simwoni huyo jamaa anaambiwa."

Kisha Juliet akacheka, kicheko chake cha haraka kikatoka chenyewe, akaziweka zile karatasi chini. Aliingia ndani akatoka na kile kitabu chembamba, akakifungua mahali alipokuwa amepiga mstari kwa wino mwekundu. Pale mhariri mzee alikuwa amesema kwamba usiandikie umati, umati hausomi. Chagua mtu mmoja unayemjua, mkalishe mbele yako, umwandikie yeye.

"Nilipiga mstari," Juliet alisema. "Nikapita."

"Basi rudi," alisema Akwi. "Mtu wako huyu hapa amekaa."

Waliandika upya wakiwa pamoja, mchana hadi jioni, siku kadhaa. Juliet alikuwa akiuliza, Acom akijibu, na kila Juliet alipotaka kupachika neno kubwa alimtazama Acom usoni kwanza. Ilipofika mahali pa kueleza moshi, walikwama. Juliet aliandika kwamba mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Acom akasema mtu wa Tiira atasoma hivyo aseme, basi, hauna kitu. Akwi akawaza, akasema tuanze na kile wanachokijua wao: zebaki inapungua kwenye kikaango. Imekwenda wapi? Hapo mtu atasimama.

Kijitabu kilianza hivi: "Acom, unapochoma dhahabu, ile dawa inaisha kwenye kikaango. Haikuisha. Imehama. Sehemu yake imeingia puani mwako, na sehemu yake imekaa juu ya mashuka, juu ya unga, juu ya mtoto aliyelala." Baada ya hapo yakafuata maneno mafupi mafupi, na mchoro wa Engole wa chungu cha chuma chenye mfuniko wa kukaza na bomba lililopinda. Chungu hicho walikipata kwenye kile kile kitabu cha metali: unafungia zebaki ndani, unachoma nje mbali na watu, moshi unapita bombani, bomba linapozwa kwa kitambaa chenye maji, na upande wa pili zebaki inadondoka tena, tone kwa tone, ukaitumie tena. Engole alimpelekea mchoro Edgar, fundi wa kuchomelea vyuma. Chungu cha kwanza kilivuja. Cha pili kikakubali.

Akwi alikigeuza kijitabu kwa Kiteso, Juliet akakigeuza kwa Kisamia. Acom alikataa jina lake libadilishwe. "Wanijue," alisema. "Wakiniona natetemeka wajue ndio mimi wa kwenye karatasi."

Walikwenda kukisoma Tiira Jumapili moja baada ya ibada, nje ya kanisa, watu wakiwa bado na nguo zao nzuri. Akwi hakuwa mtu wa kusimama mbele ya umati. Alikuwa amezoea mteja mmoja mmoja. Lakini Juliet alisoma, na alisoma vizuri, kama mtu anayemsimulia jirani yake ng'ambo ya ua. Alipofika kwenye mashuka na unga na mtoto, mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni aliketi chini kwenye nyasi.

Si wote waliopokea. Kijana mmoja mchimbaji alisema vitabu vya mama huyu vitawaletea serikali. Mwingine akasema babu zake hawakusoma na hawakufa. Engole hakubishana nao. Aliwasha moto mbali na watu, akawaambia wasimame upande upepo unakotoka, akafungia donge lake la dhahabu na zebaki ndani ya chungu cha Edgar. Wakangoja. Bomba likapata joto, akakimwagia maji kitambaa kilicholizunguka. Tone la kwanza lilipodondoka kwenye bakuli, linang'aa, zima, yule kijana aliyehofia serikali alisogea mbele kuliko wote.

"Inarudi?" aliuliza.

"Inarudi," Engole alisema. "Ile ulikuwa unavuta."

Kijana yule ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza wa Edgar.

Hayo yalitokea mwaka juzi. Leo kule Tiira wapo bado wanaochoma jikoni, lakini si kama zamani, na vile vyungu vya bomba vinaonekana nje ya nyumba nyingi. Mikono ya Acom imetulia kwa kiasi kikubwa. Haijatulia yote, akichoka kutetemeka kunamrudia. Ameanza tena kushona mashuka, mishono mipana kuliko ya zamani, na anasema mtindo umebadilika. Engole amesoma kitabu cha metali mpaka mwisho, akakirudisha, akachukua cha mitetemeko ya ardhi, na sasa ana cha mifupa ya wanyama wa kale, jambo ambalo mkewe halielewi lakini humsikiliza. Juliet ameacha kuandika risala za vikundi. Watu wakimwomba, huwauliza kwanza wanamwambia nani, na wengi hawana jibu.

Akwi amebaki barazani kwake. Wapo waliodhani baada ya Tiira angejiona mkubwa, labda aombe kiti kwenye mikutano. Aliitwa mkutano mmoja huko Tororo, akaenda, akakaa, akanywa soda, akarudi akiwa na hamu ya meza yake. Kitu kimoja tu amekiongeza: anasoma kila kitabu hadi mwisho kabla ya kumpa mtu, hata kikiwa kinene namna gani, na hiyo imefanya vitabu vingine vikae mezani muda mrefu vikimsubiri yeye. Maloba humtania kwamba ndiye mwenye duka pekee Busia anayekula bidhaa yake mwenyewe.

Majuzi Acom alipita akitoka sokoni, akiwa na kuku chini ya kwapa. Aliketi, akapokea chai, akaishika kwa mkono mmoja makusudi, Akwi aone. Wakaongea habari za mvua na za mahari ya binti wa jirani. Kisha Acom akakunja uso.

"Mama, kuna kitu kinanisumbua kichwa."

"Enhe."

"Ile zebaki ya zamani. Ile tuliyokuwa tunaosha kwenye karai, tunamwaga, miaka yote. Maji yanakwenda kijitoni. Kijito kinakwenda ziwani. Sasa iko wapi? Iko ndani ya samaki? Inakaa tu chini? Inakwisha?"

Akwi aligeukia meza. Aliupitisha mkono wake juu ya migongo ya vitabu, kimoja baada ya kingine, nyuki, nyota, damu, mkate, mwanga. Hapakuwa na cha mito. Hapakuwa na cha samaki, isipokuwa kimoja cha kuwapika.

"Sijui," alisema. "Hata kidogo sijui."

Na Acom, aliyekuwa amemjua vizuri sasa, aliona jinsi uso wake ulivyong'aa alipolisema hilo. Mama Akwi alikuwa tayari anatafuta viatu vyake chini ya meza. Akamwita Juliet amwangalizie baraza, akajitupia khanga mabegani, akamwambia Acom amalize chai bila haraka. Kisha akashika njia ya mpakani, kwenda kwa Maloba, akitembea upesi kama msichana.